Mkate wa Moto, Barabara ya Giza

Hapana, Bosibori. Taa kubwa haitakusaidia. Jana ukiosha sufuria uliniambia, "Si nitanunua tu taa kama ya boda, sasa giza itanifanya nini?" Nikanyamaza kwa sababu Mama alikuwa anatusikiza. Sasa ndio najibu. Ukungu ya huku kwetu ukiimulika na taa kubwa, inakurudishia mwanga yote kwa macho. Unakuwa kama mtu ameingizwa ndani ya gunia nyeupe. Hata gurudumu ya mbele huoni. Lakini ukizima ungoje kidogo, barabara inaanza kutoka yenyewe, kwanza ukingo, halafu miche ya chai, halafu mawe. Giza haina shida na wewe. Shida ni haraka, na ni mimi nasema hivyo, mtu ambaye uji unaniunguza kila siku kwa sababu siwezi ngoja upoe.

Hii naandika si ya Bosibori peke yake. Mko wengi mmemaliza fomu foo, mnakaa kwa senta mkiangalia simu, na mkisikia kuna kazi ya baiskeli mnasema, aah, hiyo ni kukanyaga tu. Haya, kujeni hapa mketi.

Naitwa Kemunto. Nimestaafu. Cheka, ukimaliza tuendelee. Niko na miaka ishirini na nne, na kutoka nimalize shule nimekuwa nikipeleka mkate usiku kwa baiskeli, kutoka bekari ya Kobot Chelangat hapa juu ya Sigowet mpaka maduka ya ndani ya kambi za chai, kule wachunaji wanaishi. Kobot Chelangat ni kusema mama ya Chelangat, Wakipsigis wanaheshimu mtu hivyo, na jina lake ingine mimi sijawahi kusikia. Mwezi uliopita ameniondoa kwa barabara akaniweka kwa jiko, nioke. Ni heshima kubwa. Kuna joto, kuna redio. Lakini ikifika ile saa ya kutoka, miguu yangu bado inajua. Inacheza tu hapo chini ya meza.

Mtaniuliza, si kuna pikipiki? Iko. Inapeleka mkate ya barabara ya lami. Lakini geti ya shamba kubwa haikubali pikipiki iingie usiku, wanaogopa watu wa kuiba kuni na majani. Baiskeli inapita kama askari anakujua. Na watu wa kambi wanataka skonzi na chai kabla waende kuchuna, hawataki kuletewa wakisharudi.

Sasa shida yangu ni hii. Bosibori, binti wa mama mdogo, anataka hiyo baiskeli. Na Kobot Chelangat ameniambia, "Wee Kemunto, barabara ni yako. Ukisema huyu msichana anaweza, anaanza. Ukisema hawezi, natafuta mwingine. Uniletee jibu kesho asubuhi." Kesho asubuhi! Bosibori akikosa, anarudi Nyamira kwa shangazi, kwa sababu huku kuchuna sasa ni mashine, Mama mwenyewe hajui msimu ujao wataita nani. Mama anasema nikatae. "Nilizaa mmoja akanikosesha usingizi hii miaka yote," anasema, "sasa mnataka kuniongezea wa pili?" Bosibori naye anasema nikikataa, hataniongelesha tena mpaka Yesu arudi.

Mimi ningependa kujibu haraka. Napenda kujibu haraka. Lakini hii imenishinda.

Wacha niwaambie vile mimi nilifunzwa. Mtu alinifunza ni Kosgei, ndiye alikuwa na hii kazi mbele yangu, mtu mrefu, mwembamba, anajisifu sana. Alikuwa anasema "paiskeli." Nilicheka hiyo "paiskeli" yake wiki nzima, mpaka akanisimamisha kwa barabara akasema, "Haya, wewe Mkisii, salimia mimi kwa Kipsigis." Nikasema, "Chamgei." Akalala kwa nyasi akicheka. Akaniambia nimesema kama mbuzi anaumwa na meno. Kutoka siku hiyo tukawa sawa.

Kosgei hakuwa anafundisha kama mwalimu. Alikuwa anaenda mbele tu, halafu anapiga kelele bila kugeuka. "Lori inakuja, funga jicho moja!" Mimi nilifikiria ni mzaha. Kumbe lori ikikupita na ile mataa yake, macho yote mawili yanakufa. Lakini ukifunga moja mpaka ipite, hiyo umefunga bado imebeba giza, unaifungua unaona barabara vizuri kabisa wakati hiyo ingine bado inacheza nyota. Jaribuni. Mimi nilijaribu mara ya kwanza pale kona ya kanisa nikapiga kelele ya furaha, Kosgei akafikiria nimegongwa.

Ingine. Ukungu ikiwa mzito hata ukingo huoni, sikiza. Miti ya bluu gam inashika ukungu na majani, halafu inadondosha, ta, ta, ta, kama mvua ndogo. Chai haidondoshi. Chai inanyamaza. Kwa hivyo ukisikia ta-ta-ta pande zote mbili, uko ndani ya ile safu ya miti. Ikinyamaza ghafla, miti imeisha umeingia kwa chai, na hapo karibu kuna kona ya kushoto, shika breki ya nyuma. Ya nyuma! Ukishika ya mbele kwa barabara ya marram imelowa, utaenda mbinguni kabla ya mkate. Mimi nimepita hapo nikiwa sioni mkono yangu, naongozwa na maji ya miti peke yake, na nywele zimesimama, si kwa uoga. Sijui niiteje. Ni kama ile kanisani watu wote wakinyamaza pamoja bila kuambiwa.

Mbwa mtawajua wenyewe. Harufu ya mkate inawaamsha mpaka boma ya tatu. Usikanyage haraka, mbwa anapenda mtu anakimbia. Shuka, weka baiskeli katikati yako na yeye, ongea na yeye kwa sauti ya kawaida, mwambie habari ya nyumbani. Nimeambia mbwa wa Sigowet mambo ambayo sijaambia pasta.

Na watu. Mnangoja niongee juu ya watu, najua, Mama pia anangoja. Kosgei aliniambia siku ya kwanza, "Ukipatana na mtu usiku, wewe ndio utasalimia kwanza, tena kwa sauti kubwa. Mtu mzuri atajibu. Mtu wa usiku akinyamaza ni mwizi ama amelewa." Basi nilisalimia kila kitu. Nimesalimia ng'ombe. Nimesalimia jiwe moja karibu na daraja kwa muda mrefu sana kabla nijue ni jiwe.

Lakini siku moja pale mteremko wa mto, wanaume wawili walikuwa wamesimama kando. Nikasema, "Chamgei!" Wakanyamaza. Nikapita. Nikasikia baiskeli imekuwa nzito. Mmoja ameshika keria ya nyuma. Haki ya Mungu. Kosgei alikuwa ameniambia kitu hata kabla anifunze kuziba pancha: "Ukishikwa, fungua kamba ya kreti. Wape. Mkate utaokwa tena, wewe hutaokwa." Kamba tunafunga na fundo ya kuvuta mara moja, hiyo ndio sababu. Nikavuta. Kreti ikaanguka, baiskeli ikawa nyepesi kama karatasi, nikaenda. Nyuma nilisikia mmoja anaambia mwenzake, "Eh, bado iko moto!" Walikuwa washaanza kukula.

Nilienda bila mkate mpaka geti ya shamba. Askari wa geti anaitwa Cheruiyot. Akaniuliza, "Leo unaleta nini, hewa?" Nikajaribu kucheka, nikalia. Hapo hapo alipiga simu, na askari wenzake wakachunga ule mteremko mpaka msimu ukaisha. Mama hajui hii. Sasa anajua, kwa sababu atasoma. Mama, pole.

Ndio naambia nyinyi, msidanganywe na mtu anasema usiku ni ya kuogopa tu, wala yule anasema hakuna kitu. Kitu iko. Hata hapa naandika, nikikumbuka ule mkono kwa keria, nageuka kuangalia nyuma.

Na bado ningerudi. Hii ndio sijui nitawaelezaje. Kuna mahali, ukishamaliza kupanda kutoka bekari, kabla uingie kwa chai, dunia inafunguka upande wa chini. Mchana unaona tu vumbi na mashamba ya miwa huko mbali. Usiku kama hakuna ukungu, unaona mvua ya Ziwa. Radi inawaka ndani ya mawingu huko chini kabisa, bila sauti, tena, na tena, mawingu yanakuwa kama taa ya karatasi mtu anawasha na kuzima. Juu yako nyota zote ziko mahali pake. Hapo ulipo hakuna mvua, hakuna upepo, unasikia tu pumzi yako na mkate ukipoa kwa kreti, ganda yake inalia tik, tik. Mara ya kwanza nilishuka kwa baiskeli bila kupanga. Nilisimama nikasahau kazi. Kosgei naye akasimama, akaegemea baiskeli yake. Baadaye akasema pole pole, "Kila siku nafikiria itaisha kunishangaza." Haikuisha. Hata mimi haijaisha.

Sasa niwachekeshe kidogo kabla niwaambie ile ya mvua ya mawe.

Kuna trekta ilikuwa inabeba kuni za bluu gam usiku kupeleka kiwandani, kuchemsha boila. Nyuma ya trela kulikuwa na taa moja nyekundu. Siku moja ukungu ilikuwa mbaya, na mimi nikiwa na haraka yangu, nikasema, mbona nijisumbue na kusikiza miti? Si nifuate tu hii taa nyekundu, inapita kambi yangu. Nikafuata. Nikafuata vizuri, hata nikaanza kuimba. Hiyo siku dereva hakuwa anaenda kiwandani. Alikuwa anaenda kuegesha trekta kwa banda ya kupima majani, ndani ndani ya shamba, mahali hakuna hata barabara ya kutokea. Akasimama. Akazima. Na kwa hiyo kimya yote, dereva akasikia nyuma yake sauti ya msichana anaimba wimbo wa kanisa.

Aliruka chini akaingia kwa chai. Mnajua chai imeshikana, inafika kiuno, hupiti kama hujashika njia ya wachunaji. Akakwama hapo katikati kama mtu amepandwa. Anapiga kelele, "Shindwe! Shindwe katika jina la Yesu!"

"Ni mimi, mtu wa mkate!"

"Pepo haina mkate! Shindwe!"

"Ni skonzi, mzee!"

Akageuza kichwa. "Skonzi gani?"

"Ile ya sukari juu."

Alitoka kwa chai akiwa amechanika suruali, akakula skonzi tatu kabla anisalimie. Mpaka leo tukipatana mchana ananiita Shindwe. Na mimi sijawahi kufuata taa ya mtu mwingine tena. Taa ya mtu inaenda kwao.

Haya, mvua ya mawe.

Mnajua mvua ya mawe ya Kericho vile inakuja jioni, inapiga mabati mpaka mnashindwa kuongea. Hiyo siku ilipiga mpaka usiku. Ilipoisha Kobot Chelangat akasema nisiende. Nikasema watu watakula nini. Kusema ukweli, sikuwa nafikiria watu. Nilitaka kuona.

Nikatoka. Mwezi ulikuwa umetoka, na Bosibori, barabara ilikuwa nyeupe. Chai yote, zile meza zote, maana chai hukatwa sawa juu kama meza, kutoka hapa mpaka kilima ile ingine, zilikuwa zimewekewa mawe juu, nyeupe, inang'aa, na katikati ya mistari giza. Harufu ya majani yaliyopondwa ilikuwa kali kama tuko ndani ya kiwanda, lakini kiwanda isiyo na ukuta. Gurudumu ilikuwa inapasua barafu, krrr, krrr. Nilikuwa mtu wa kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na mstari moja tu, yangu. Niliangalia nyuma mara nyingi sana nione huo mstari. Nilifikiria, Mungu amefanya hii yote watu wakiwa wamelala, na kesho jua itayeyusha yote, na hakuna mtu atajua isipokuwa mimi.

Ndio maana sikuona pale kabla ya daraja mawe yamesombwa na maji yakajaa kwa kona, yamechanganyika na majani. Gurudumu ya mbele ilienda peke yake. Mimi nikaenda kwa mtaro, baiskeli juu yangu, mkate juu ya baiskeli. Mguu ulikuwa chini ya bomba ya katikati, na nilipojaribu kuuvuta nikaona macho imejaa nyota zingine. Simu ilikuwa imeingia maji. Nikaita. Sauti yangu ilienda kwa hiyo nyeupe ikapotea. Baridi ya mtaro ikaanza kupanda kutoka kwa mgongo. Hapo ndipo niliona vile hiyo uzuri yote haikuwa inanijua. Ilikuwa inang'aa tu vile ilikuwa inang'aa.

Sijui nilikaa muda gani. Nilianza kusikia usingizi, na mjue usingizi ya baridi si usingizi nzuri. Halafu nikasikia mtu anaita huko juu.

"Mkate! Weee, Mkate! Uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama mzee. Nikajibu. Akateremka na tochi ya simu na fimbo, blanketi kichwani, anateleza, anagombana na mawe kwa Kipsigis. Hatukuwa tumewahi kuonana. Sijawahi kupeleka mkate kwake. Nyumba yake iko juu ya barabara, ndani ya miti, hata sikujua kuna nyumba. Alivuta hiyo baiskeli kama anavuta ndama, akanitoa, akanifunga blanketi.

Nikamuuliza, "Kogo, ulijuaje?" Kogo ni kusema nyanya kwa Kipsigis.

Akanikasirikia. "Nilijuaje nini? Wewe ukipita, hiyo madigadi yako inapiga kelele, mimi naamka nakamua. Leo hujapita. Ng'ombe analia, mimi nimekaa kwa kitanda nangoja, nasema, huyu mtoto leo ako wapi?"

"Mbona unaniita Mkate?"

"Sasa ningekuita nani? Nani aliniambia jina yako?"

Alinipeleka kwake, akanipa maziwa ya moto, akatuma mtu wa kambi aite Cheruiyot. Mguu haukuwa umevunjika, ulikuwa umeteguka tu. Nikiwa hapo kwa jiko yake niliuliza maswali, na kidogo kidogo nikajua. Mwalimu wa chekechea wa kambi anawasha moto nikipita. Kuna mzee mgonjwa, bibi yake anampa dawa nikipita. Miaka yote nilikuwa najiambia niko peke yangu na nyota, na kumbe nyuma ya kila giza mtu alikuwa amelala sikio moja likiwa nje. Hiyo ndiyo ilinishangaza kuliko radi ya Ziwa, kuliko mawe kwa chai. Bado inanishangaza nikiandika.

Nikarudi kwa barabara mguu ulipopona. Lakini kila nyumba niliyojua, nilipita mchana nikasema, mimi ni Kemunto, binti wa Kwamboka anayechuna kambi ya chini. Wengine walicheka, "Ahaa, kumbe ni wewe unatuamsha!" Mmoja alinigombeza kwa sababu Jumapili huwa sipiti, na anachelewa kanisani.

Kwa hivyo, Bosibori. Leo jioni nimekaa hapa na jibu yangu. Kama ni barabara, wewe unaweza. Uko na miguu kuliko mimi, na mdomo yako itashinda mbwa yoyote. Kama ni uoga, utaupata, na ni mzuri, usiutupe. Mama amekuja amesimama kwa mlango hapa nikiandika. Ameuliza, "Umeamua?" Nikasema karibu. Akasema, "Usimtume huko kama kitu haina mwenyewe." Akaenda kulala. Amesema hivyo tu, na mimi nimekaa nayo.

Nikimwambia Kobot Chelangat ndio hiyo kesho asubuhi, kesho kutwa Bosibori anapita kwa hizo nyumba zote kama mtu hajulikani. Wakimsikia, watajua mkate umepita. Wasipomsikia, watafikiria labda msichana mgeni amechoka, ameacha kazi. Watageuka upande ule mwingine walale. Na nikisema hapana, nitakuwa nimemfungia ile kilima na hiyo radi yote, na kile kitu kimenifanya niwe mtu.

Basi nimeamua. Kesho asubuhi nikitoka kwa jiko, sitaenda kulala. Nitamwambia Kobot Chelangat nitamjibu Jumatatu, akikasirika akasirike. Halafu nitamchukua Bosibori, tutaacha baiskeli nyumbani, tutaenda kwa miguu, mchana, nyumba kwa nyumba, kutoka bekari mpaka kambi ya mwisho. Tutaanza kwa Kogo. Nitabisha, nitangoja aseme tuingie, hata kama atachelewa nitangoja, halafu nitamsukuma Bosibori mbele yangu na nitanyamaza, ndio aseme jina lake mwenyewe.